Msituambie Hatupendi Wanyama

Kila msimu wa sikukuu unapokaribia, hoja ile ile hurudi redioni, mitandaoni na hata kwenye hotuba za viongozi: Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii. Tunaambiwa kwamba tuko radhi kuchangia harusi ya mtoto wa jirani, kushona sare ya kitenge na kwenda kijijini Desemba hadi mfuko ukauke, lakini kumpeleka mtoto Serengeti au Mikumi tunaona ni kupoteza pesa. Mzungu anavuka bahari kuja kumwona tembo, wanasema, na sisi tulionaye mlangoni hatuna habari naye. Wengi wanaosema hivyo wana nia njema, wanataka kutuhamasisha. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao lina madhara, maana linambebesha mwananchi lawama ya jambo ambalo hakulipanga yeye.

Anayetaka ushahidi apande basi la Iringa, Mbeya au Songea. Baada ya Morogoro barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Vibao vinataja faini kwa atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake, na dereva analazimika kupunguza mwendo. Hapo basi zima hubadilika. Mama aliyelala tangu Chalinze huamka. Waliokaa upande usio na wanyama husimama wakaegemea viti vya wenzao, simu juu. Konda anaomba watu wakae na hakuna anayemsikiliza. Safari moja bibi aliyekuwa kiti cha mbele yangu alimpakata mjukuu wake dirishani akimtajia mmoja mmoja: "Huyo swala, baba. Yule mrefu ni twiga. Sasa subiri, tembo utamjua mwenyewe." Tembo walipotokea, wakubwa watatu na ndama aliyejibanza chini ya tumbo la mama yake, mzee mmoja wa nyuma alianza kueleza kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mkongwe na kwamba madume yakishapevuka huenda zao. Vijana waliokuwa wakibishana habari za Simba na Yanga walinyamaza wakamsikiliza, wakamuuliza na maswali.

Hakuna tangazo lililowafundisha watu hao kupenda walichokiona. Walikuwa na hamu ile ile aliyonayo mtu aliyetoka Ujerumani na kamera ya thamani shingoni. Tofauti yao ni kwamba basi halisimami. Linapita, pori linaisha, na abiria wanarudi kwenye viti vyao. Kaskazini nako yamekuwapo mabasi ya Arusha kwenda Musoma yanayokatiza Ngorongoro na Serengeti, yamejaa wafanyabiashara na wanafunzi wanaoona nyumbu tambarare nzima bila mtu kuwaita watalii. Reli ya TAZARA inapita kwenye pori la Selous ya zamani, na abiria wa daraja la tatu hukimbilia madirishani vilevile.

Takwimu za serikali zenyewe zinaikana hoja hii. Kwa mwaka 2024 Wizara ya Maliasili na Utalii ilitangaza watalii wa kimataifa 2,141,895 na watalii wa ndani 3,218,352. Najua si wote hao wa ndani walioingia kwenye hifadhi kubwa za wanyama, na simtaki msomaji asome katika tarakimu hiyo kisichokuwamo. Lakini taifa lisilo na utamaduni wa kutalii halitoi watu milioni tatu kwa mwaka.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo hoja yao inapojificha. Wanaotulaumu hupenda kutaja kiingilio. Ni kweli, kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo: Serengeti mtu mzima hulipa shilingi 10,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na mtoto hulipa chini zaidi ya hapo, wakati mgeni asiye mkazi hulipa dola 60 na kuendelea. Noti moja yenye picha ya tembo na chenji kidogo ya kodi vinatosha kukufikisha ndani ya lango. Basi wanauliza, kama elfu kumi haikushindi kwenye soda na chipsi, kwa nini ikushinde kwenye Serengeti?

Kwa sababu hakuna mtu anayetembelea Serengeti kwa miguu. Chukua baba na mama wa Arusha wenye watoto watatu wanaotaka kulala huko siku mbili. Gari dogo la nyumbani, kama wanalo, halifai kwa barabara ile ya vumbi na mawe. Watakodi Land Cruiser yenye dereva, na gari hilo ni nadra kupatikana chini ya dola 200 kwa siku. Kwa siku tatu hiyo ni kama shilingi milioni moja na nusu, kabla hawajala wala kulala. Njiani watapita Ngorongoro, ambako kuna mamlaka nyingine yenye tozo zake. Wakifika Seronera, katikati ya Serengeti, hoteli nyingi zimepanga bei zao kwa kumtazama mgeni wa kimataifa. Sasa kumbuka kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Gari peke yake limekula kama mishahara mitatu. Viingilio vya familia nzima getini ni sehemu ndogo kabisa ya gharama hiyo, na bado ndicho kitu pekee tunachoonyeshwa kama ushahidi kwamba milango iko wazi.

Watajibu kwamba kuna bei nafuu ukitafuta. Zipo. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lina hosteli na maeneo ya kupiga kambi ndani ya hifadhi kadhaa, na Mikumi wakati wa kiangazi watu huingia na Coaster na hata na Noah. Nimewaona, vikundi vya kwaya na walimu wa shule za msingi, wamebeba pilau kwenye hotipoti na maji ya kunywa kwenye madumu. Lakini muulize mkazi wa Mbagala au wa Mwanjelwa hosteli hiyo inalala watu wangapi, inalipiwaje, unapataje namba ya malipo, unaruhusiwa kupika au la. Atakwambia hajui, na hajui kwa sababu hajaambiwa na mtu. Tangazo la kampuni ya simu linamfikia hadi kwenye banda la kuku, ila habari za hosteli ya umma iliyojengwa kwa fedha za umma anazipata kwa kubahatisha, akiwa na rafiki anayefanya kazi huko.

Kuhusu harusi, ambayo ndiyo fimbo yao kuu, naomba tuitazame kwa makini. Kwa nini mtu mwenye mshahara wa kawaida anaweza kutoa laki moja ya harusi? Kwa sababu kuna kamati. Kuna mwenyekiti na mweka hazina, kuna kadi ya ahadi inayotolewa miezi mitatu kabla, kuna kulipa kidogo kidogo kwa simu, kuna kikao cha kila wiki cha kukumbushana. Mtu hatoi laki moja siku moja. Anaitoa kwa awamu, akisukumwa na wenzake, na anajua nao watamchangia zamu yake ikifika. Huo ni mtaji mkubwa wa kijamii, na ndio uliojenga vikoba, ukasomesha watoto na kuzika wafu. Mwananchi huyo amekwishaonyesha kwamba anaweza kuweka akiba kwa ajili ya furaha. Kinachokosekana ni safari ya hifadhini iliyopangwa kwa namna anayoishi nayo: kikundi cha watu thelathini, malipo kwa shilingi na kwa awamu, usafiri wa pamoja kutoka stendi anayoijua, na mahali pa kulala panaporuhusu kupika. Kampuni nyingi za utalii zinauza kiti kwenye gari la watu sita au saba, malipo kwa mkupuo, halafu zinashangaa kwamba mama wa kikoba hakununua.

Kuna ushahidi wa nje pia. Afrika Kusini ina hifadhi ya Kruger, karibu hekta milioni mbili, na wengi wa wanaoitembelea ni wananchi wa nchi ile ile. Tunaambiwa hao wana utamaduni. Utamaduni huo ulitoka wapi? Mwaka 1923 shirika la reli la nchi hiyo lilianza kuwapitisha abiria wa matembezi katika hifadhi ya Sabi, na hamu ya abiria hao ilisaidia kushawishi kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa mwaka 1926. Mwaka 1927, walipofungua kwa magari, yaliingia matatu tu mwaka mzima. Baadaye serikali ikajenga barabara, ikajenga kambi zenye vibanda na majiko ya kupikia, ikaweka vituo vya mafuta na maduka, ikaweka lami barabara kuu ili mtu aje na gari lake dogo. Kwa miongo mingi iliyajenga hayo kwa ajili ya weupe; weusi wengi waliingia kama watumishi au hawakuingia kabisa, na jeraha hilo halijapona hadi leo. Lakini somo liko wazi. Makaburu hawakuzaliwa wakipenda simba kuliko sisi. Walijengewa njia ya kumfikia, na baada ya vizazi viwili vitatu ikaonekana kana kwamba ni tabia yao ya asili.

Sisi tulijengewa nini? Hapa historia inauma, na lazima isemwe. Wajerumani walileta sheria za uwindaji mwaka 1896 chini ya Hermann von Wissmann, na Waingereza wakazipanua. Mwindaji wa kienyeji akawa jangili. Mwenye leseni na bunduki ya kigeni akawa mwanamichezo. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Wamaasai wakahamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, wazo lililoongoza kazi hiyo lilikuwa kwamba pori zuri ni pori lisilo na mtu mweusi ndani yake. Magharibi ya hifadhi hiyo wanaishi Waikoma, ambao hadi leo wanatunza Machaba, pembe za ndovu zilizo amana takatifu ya kabila zima. Watu wanaoheshimu pembe za tembo kama moyo wa jamii yao, mtu anathubutuje kusema hawana uhusiano na tembo? Uhusiano walikuwa nao. Waliwekewa mpaka, wakaambiwa waangalie kwa mbali.

Uhuru haukulibadilisha wazo hilo kama tulivyotarajia. Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori linawataja wanyama kama chemchemi ya maajabu na sehemu ya maisha yetu ya baadaye, na ni maneno mazuri. Lakini Mwalimu Nyerere alinukuliwa pia akisema kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu kubwa na wanyama na hangetumia likizo yake kuwatazama mamba. Aliunga mkono kuwalinda kwa sababu aliamini kwamba, baada ya almasi na mkonge, wao ndio wangeliingizia taifa fedha nyingi kuliko kitu kingine. Wanaotuambia hatupendi wanyama huitumia kauli hiyo kama hati ya ushahidi: hata Baba wa Taifa. Namheshimu Mwalimu kuliko viongozi wote tuliowahi kuwa nao, na nasema bila woga kwamba kauli ile ilitugharimu. Ilikuwa hesabu ya nchi maskini iliyohitaji fedha za kigeni, na kwa wakati wake ilieleweka. Ila iligeuka kuwa sera ya kudumu: wanyama ni wa kuuzwa nje, kama mkonge. Mwaka 2019 jina lake lilipewa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Heshima inayomstahili ni kuona watoto wa Mloka, Kibiti na Kisaki wakiingia humo kama wageni wa heshima.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya fedha za uendeshaji. Askari wa wanyamapori, magari ya doria, barabara za ndani, vyote vinalipwa na dola za mgeni, na elfu kumi ya Mtanzania haiwezi kufanya kazi hiyo. Nakubali kabisa sehemu ya kwanza. Sitaki mgeni apunguziwe wala akatazwe. Aje, alipe, akaribishwe. Lakini tukumbuke mwaka 2020. Idadi ya watalii wa kimataifa ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867, ndani ya mwaka mmoja, kwa ugonjwa ambao hatukuweza kuuzuia mpakani. Hoteli zilifunga, madereva waliuza magari, waongoza watalii walirudi kulima. Hatukuwa na wateja wa ndani wa kutosha kuzishika hata hoteli za kawaida, kwa sababu kwa miaka sitini hatukuwaandaa.

Na hifadhi hailindwi na dola peke yake. Ukisafiri kutoka Mwanza kwenda Musoma, lango la Ndabaka liko kando kabisa ya lami. Upande mmoja Serengeti, upande wa pili vijiji. Katika vijiji vya wilaya ya Bunda mkulima hulala shambani msimu wa mavuno akipiga debe kufukuza tembo. Asubuhi anahesabu mashina yaliyobaki, anaandikisha hasara, anasubiri kifuta jasho ambacho kinaweza kuchelewa na kisifikie thamani ya magunia aliyopoteza. Mtoto wa mkulima huyo anamjua tembo kama mwizi wa usiku. Hajawahi kumwona mchana akiwa ametulia mtoni na watoto wake. Tunamtaka mtoto huyo akikua asitege nyaya, asimfiche jangili, atoe taarifa. Kwa mapenzi gani? Basi moja la shule kila Jumamosi kutoka Lamadi au Bunda, kuingia Ndabaka na kutoka jioni, lingefanya kazi ambayo semina nyingi za hotelini hazijaifanya.

Halafu kuna kile kinachosemwa kwa sauti ya chini, na ambacho kwangu ndicho kibaya kuliko vyote: kwamba wenyeji wakiruhusiwa kwa wingi watapiga kelele, watatupa chupa, watawasumbua wanyama, na mgeni aliyelipa ghali ataudhika. Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari kando ya Mto Mara na kuwazuia nyumbu kuvuka. Walikuwa wageni waliolipa ghali, na magari yaliyowafikisha pale ni ya kampuni zenye leseni. Hakuna aliyesema Wazungu hawana utamaduni wa kutalii. Ilisemwa, kwa haki, kwamba sheria zisimamiwe na waongozaji wawajibishwe. Kipimo hicho hicho kitumike kwetu. Mtu akitupa chupa atozwe faini, awe ametoka Kariakoo au Paris.

Dharau hiyo ya chinichini huonekana hata pasipo maneno. Niliwahi kufika na familia yangu kwenye hoteli moja ndani ya hifadhi, tumebeba risiti ya malipo mkononi, na kijana wa mapokezi akamuuliza dereva wetu, "Hawa ni wafanyakazi wa nani?" Hakuwa na ubaya; alikuwa hajazoea. Muongozaji aliyetuchukua alizungumza Kijerumani na Kihispania kwa ufasaha mkubwa, lakini alipotueleza habari za chui kwa Kiswahili alisitasita, akitafuta maneno, mpaka mama yangu akamsaidia: "Sema tu, mwanangu, tunakuelewa." Baada ya hapo alifunguka, akatueleza jinsi chui anavyopandisha mzoga mtini ili fisi wasimnyang'anye, na mama yangu akacheka kwa furaha kama mtoto. Kijana yule alifundishwa kazi yake vizuri sana. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo siku mteja wake atakuwa mama wa Kitanzania.

Kwa hiyo ombi langu halihusu bei ya getini hata kidogo. Serikali ambayo kuanzia katikati ya mwaka 2024 imeweza kumfikisha abiria Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme kwa muda usiofika saa mbili, inaweza kumwekea basi stesheni la kumwingiza Mikumi na kumrudisha jioni. TANAPA inaweza kutangaza hosteli zake kwa Kiswahili, kwa shilingi, kwenye redio za jamii, na kupokea malipo ya kikundi kwa awamu. Vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi vinaweza kumfundisha muongozaji kusimulia kwa Kiswahili kwa fahari ile ile anayosimulia nayo kwa lugha za wageni. Na wewe uliye kwenye kikoba au kamati ya mtaa, usisubiri yote hayo yatimie: kaeni, fungueni mchango wa miezi sita, kodini Coaster, ulizeni hosteli. Mtakutana na usumbufu njiani. Ulalamikieni kwa sauti, kwa barua, kwa majina ya waliohusika, kama mnavyolalamikia maji na umeme, maana hii nayo ni haki yenu.

Na kiongozi atakayesimama Desemba hii kutuambia kwamba hatuna utamaduni wa kutalii, atueleze kwanza basi la wananchi la kuingia hifadhini linaondoka stendi gani, saa ngapi, na nauli yake ni shilingi ngapi.